Usiondoke nayo kichwani: vidokezo 14 vya kupanga fedha, kodi, mafao na mirathi

Matanga ya baba mdogo yalipokwisha kule Morogoro, mama mdogo aliingia chumbani akatoka na mkebe wa biskuti uliobabuka rangi, akaumimina juu ya mkeka. Kadi mbili za benki. Stakabadhi ya kununua kiwanja, yenye jina moja la muuzaji na kiasi cha fedha, bila mtaa wala namba ya kitalu. Daftari dogo la madeni: "K. 150", "Fundi 400", "Mama J. 80". Hatukujua kama yeye ndiye alikuwa akidai au akidaiwa. Mama mdogo akatutazama mmoja mmoja. "Wanangu, hivi vyote maana yake nini?"

Hakuna aliyejua.

Baba mdogo hakuwa mfujaji. Alifanya kazi miaka 26 na kusomesha watoto wanne. Mipango alikuwa nayo, tena mizuri, ila yote ilikaa kichwani mwake na akaondoka nayo. Mimi ndiye niliyetumwa kuzifuatilia karatasi zile, ofisi moja baada ya nyingine, na mengi ya hapa chini nimeyajulia kwenye mabenchi ya kusubiri. Viwango na sheria nilizotaja ni za Tanzania Bara.

1. Soma hati ya mshahara mstari kwa mstari

Wengi wetu tunaangalia mstari wa mwisho tu, ule wa kilichoingia benki. Chukua mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwanza anakatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10, yaani 100,000. Kodi inapigwa kwenye 900,000 zilizobaki. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, na hadi milioni moja ni asilimia 25. Ukijumlisha unapata kodi ya 103,000, na mkononi zinabaki 797,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka pia, anabaki na 647,000. Bajeti yake ianzie kwenye 647,000 hizo.

Sasa angalia kitu kimoja. Mhasibu akikosea, akapiga kodi kwenye milioni nzima kabla ya kutoa mchango wa mfuko, kodi inakuwa 128,000. Hizo ni 25,000 za ziada kila mwezi, 300,000 kwa mwaka, na hakuna atakayekuambia usipojikagulia mwenyewe. Chukua kalamu mwisho wa mwezi huu ufanye hesabu yako.

2. Mpangaji, ile kodi ya jengo kwenye LUKU siyo yako

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, mwombe mwenye nyumba muandike kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya chumba. Wengi wanakubali wakiulizwa kwa heshima mapema, na wengi wanakataa wakiulizwa mwaka ukiwa umeshapita.

3. Mwenye biashara ndogo, daftari la elfu moja lina faida kubwa

Mauzo yako yakiwa hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, hutozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, kuna njia mbili. Asiyetunza kumbukumbu anatozwa 100,000 moja kwa moja. Anayetunza anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mama wa genge aliyeuza milioni 5 kwa mwaka, akiwa na daftari, anadaiwa 30,000. Asiye nalo, 100,000. Tofauti ya shilingi 70,000 imetokana na kuandika mauzo kila jioni kabla ya kufunga.

Kodi yenyewe inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Weka kando kidogo kila wiki. Wanaofungiwa maduka mara nyingi fedha ya kodi walikuwa nayo, wakaigeuza mzigo, na siku ya kulipa mzigo ukawa bado uko rafuni.

4. Fungulia shughuli fungu lake

Hakuna bajeti ya Mtanzania iliyokamilika bila michango. Kadi ya harusi, kitchen party, kipaimara, maulidi, msiba wa jirani, mgonjwa wa kikundi. Wengine wanasema tuache. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu siku ya msiba wa baba mdogo chakula cha watu mia mbili kwa siku tatu kilitoka kwa waliokuwa wamechangiwa naye.

Ila mchango usikushtukize kila mara. Kaa chini uorodheshe ulichotoa mwaka jana, gawa kwa 12, na hicho ndicho kiasi cha kuweka kwenye fungu la shughuli kila mwezi. Fungu likiisha, unamwambia mwenye kadi, "Ndugu yangu, nitakuja na mikono yangu, nitasaidia kupika na kupokea wageni." Ukweli huo unaheshimika kuliko ahadi ya laki moja inayodaiwa kwa simu mpaka usiku wa sherehe.

5. Akiba ya dharura ikae mbali na simu

Lengo zuri ni matumizi ya miezi mitatu. Usiogope ukubwa wa namba hiyo, anza na mwezi mmoja. Iweke kwenye akaunti tofauti na ile ya mshahara, isiyounganishwa na simu, maana fedha iliyo kwenye simu huisha kwa elfu mbili mbili. Na kama una akiba nzuri, jua kwamba Bodi ya Bima ya Amana inalinda hadi shilingi 7,500,000 za mteja katika benki moja iwapo benki itafilisika. Mwenye zaidi ya hapo afikirie kuzigawa kwenye benki mbili.

6. Kimbia kausha damu

Jina lenyewe linatosha. Ni mikopo ya haraka ya mtaani na ya kwenye simu, inayolipwa kila siku au kila wiki, na dhamana yake ni friji, televisheni, kitanda, wakati mwingine kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Nimeona mama mmoja anayeuza vitumbua akificha jiko lake kwa jirani kila Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya "watu wa marejesho". Alikopa 200,000 ya ada. Alipofika kwetu kuomba ushauri alikuwa ameshalipa zaidi ya alichokopa, na deni lilikuwa halijaisha.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Omba kuiona. Omba mkataba wa Kiswahili, na uulize swali moja: "Nikichukua laki mbili, mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi jumla?" Akizungukazunguka, ondoka. Na hakuna sababu yoyote duniani ya kumpa mtu kadi na namba ya siri.

7. Kikoba kizuri, ila kiwe na karatasi

Mchezo wa kijumbe, kikoba na Saccos vimejenga nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Uliza mambo matatu kabla ya kujiunga. Je, kikundi kimesajiliwa? Akaunti ya benki inasainiwa na watu wangapi? Na mwanachama akifariki, hisa zake anapewa nani? Swali hilo la tatu halipendwi, na ndilo lililotufanya tukose sehemu ya hisa za baba mdogo, kwa kuwa katiba ya kikundi ilikuwa kimya.

8. Kagua michango ya mfuko wako mara mbili kwa mwaka

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Mfanyakazi wa sekta binafsi yuko NSSF, na mchango ni asilimia 20 ya mshahara wake. Kwa kawaida yeye anakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Yeye anakatwa 5 na mwajiri anatoa 15. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha.

Kukatwa ni jambo moja, kufika ni lingine. Mimi nilifanya kazi kwenye kampuni moja miaka mitano. Kila mwezi hati ya mshahara ilionyesha makato. Siku nilipoomba taarifa ya michango nikakuta miezi 14 mitupu. Fedha ilikatwa kwangu na haikufika. Tuliifuatilia wafanyakazi sita kwa pamoja, tukiwa na hati zetu za mshahara mkononi, na mwishowe ililipwa. Wenzetu waliokuwa wamezitupa hati zao walihangaika kuliko sisi.

Basi Januari na Julai, omba taarifa yako, kwa simu au kwenye ofisi ya mfuko. Hesabu miezi. Angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa sababu "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Halafu angalia majina ya wategemezi. Kuna watu waliojaza fomu wakiwa hawajaoa, wakamwandika kaka, na sasa wana mke na watoto watatu ambao mfuko hauwajui.

9. Piga hesabu ya kikokotoo kabla ya kustaafu

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kimetia watu hofu tangu 2018, kanuni mpya ziliposhusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba mwaka ule Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 kikapandishwa: kundi lililokuwa likipata asilimia 50 kwa kanuni za zamani likawekwa kwenye 40, na lililokuwa likipata 25 likawekwa kwenye 35.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka, katika miaka mitatu iliyokuwa na mshahara mkubwa zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Zidisha kwa miezi uliyochangia. Gawa kwa 580. Hiyo ni pensheni yako kamili ya mwaka. Kisha asilimia ya kundi lako inazidishwa mara 12.5 na unapewa kwa mkupuo. Inayobaki unalipwa kila mwezi maisha yako yote.

Turudi kwa mtu wetu wa milioni moja kwa mwezi, aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake kamili ni kama 7,448,000 kwa mwaka. Akiwa kundi la 35, mkupuo ni kama milioni 32 na laki sita, na kila mwezi kama 403,000. Akiwa kundi la 40, mkupuo ni kama milioni 37 na laki mbili, na kila mwezi kama 372,000.

Tazama ile 403,000. Alikuwa akipokea 797,000. Kipato chake kinashuka karibu nusu kwa siku moja, na ada ya mtoto wa mwisho haijui kwamba baba amestaafu. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya angalau miezi 180. Mwenye miezi 170 akiacha kazi kwa hasira amepoteza kitu kikubwa sana kwa ajili ya miezi 10.

10. Mkupuo usiwe mtaji wako wa kwanza wa biashara

Nimeona daladala zilizonunuliwa kwa kiinua mgongo zimelala nyuma ya nyumba, nyasi zimeota mpaka kwenye vioo. Mstaafu aliyekuwa mwalimu mzuri miaka 35 hajui dereva anavyoiba dizeli. Hajui pia bei ya vipuri, na hakuna aliyemfundisha. Kama unataka kufuga kuku, anza na kuku 50 ukiwa na miaka 52, wakati mshahara bado unaingia na hasara bado inafundisha. Ukifika 60 utakuwa unajua chanjo, unajua mteja, na mkupuo utapanua kitu kinachoishi tayari.

Miezi sita ya kwanza baada ya kupokea mkupuo, usinunue chochote kikubwa. Ndugu watakuja. Wapokee, wape chai, waambie fedha imefungwa. Na ifunge kweli: kuna pa kuifungia, kidokezo cha 12.

11. Unayejiajiri, uzee wako hauna mwajiri wa kuukumbuka

Fundi seremala, mama lishe, bodaboda, mkulima wa vanila Kagera, wote wanaweza kujiandikisha NSSF na kuchangia wenyewe. Lipa siku ile ile unayolipa kodi ya chumba, ndipo hutasahau.

12. Kopesha serikali, au ungana na wenzako kwenye mfuko

Benki Kuu ya Tanzania inauza hatifungani za serikali za miaka 2 mpaka 25, kuanzia shilingi 1,000,000. Unafunguliwa akaunti kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, unashiriki mnada, na riba inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita. Mstaafu aliyegawa mkupuo wake akaweka sehemu huko amejipa mishahara miwili ya nyongeza kila mwaka.

Asiye na milioni aangalie mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali. Mfuko wa Umoja ndio wa kwanza, ulianza 2005. Kuna wa watoto, kuna Ukwasi kwa anayetaka kutoa fedha kwa haraka, kuna wa Hatifungani. Unaanza na kiasi kidogo, unaongeza kwa simu. Thamani ya kipande inaweza kupanda na kushuka, hilo lijue toka mwanzo. Na mtu akikuahidi fedha yako kuongezeka mara mbili ndani ya mwezi, kwa "kupanda mbegu" au kwa lingine lolote, ujue wanaolipwa leo wanalipwa kwa fedha ya walioingia jana.

13. Andika wosia, na majina yawe kwenye hati

"Ukiandika wosia unajiita kifo." Nimeisikia kauli hii kwa wasomi na kwa wasiosoma. Baba mdogo aliisema. Lakini tazama kinachotokea usipoandika.

Tanzania Bara ina sheria tatu za mirathi, na mahakama inachagua kwa kuangalia marehemu aliishi vipi. Kwa Mwislamu aliyeishi Kiislamu, mafungu yamepangwa: mjane anapata thumuni kama kuna watoto, robo kama hakuna, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Kwa aliyeacha mila na si Mwislamu, inatumika sheria ya urithi ya India ya 1865, ambayo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili kwa usawa. Na kwa aliyeishi kimila, kuna tamko la sheria za kimila la 1963. Humo binti amewekwa daraja la tatu, la mwisho. Mjane hana fungu. Fungu lake, inasema, ni kutunzwa na watoto wake.

Sheria hiyo imepingwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Angalia hapo: shamba lenyewe alilipata kwa wosia wa baba yake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliwapa ushindi wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao. Lakini mjane wa kesho asubuhi hana miaka kumi ya kuendesha kesi. Ana watoto, na shemeji amesimama mlangoni.

Wosia wa maandishi unahitaji vitu vichache: jina lako, tarehe, maneno kwamba una akili timamu na hujalazimishwa, mali ilivyo na ilipo, anayepewa nini, jina la msimamizi, sahihi yako na za mashahidi. Kwa utaratibu wa kimila, ukiwa unajua kusoma na kuandika mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Usipojua, wawe wanne. Shahidi asiwe mrithi. Mwislamu anausia hadi theluthi moja ya mali yake, na kwa watu wasio warithi. Anayetaka kumpa mkewe nyumba amwandikie hiba angali hai, na amkabidhi kweli. Ukibadili mawazo unaandika mwingine, ndiyo maana tarehe ni muhimu. RITA, wakala wa serikali, wanatunza wosia, na wakili, benki, msikiti au kanisa pia wanaweza kuutunza.

Kuhusu nyumba, njia rahisi kuliko zote ni majina mawili kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine, na tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imetambua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Haki hizo zipo. Jina kwenye hati linakuepusha kuzidai mahakamani. Na wewe uliye Muscat au Minneapolis unayetuma fedha ya kujengewa, kiwanja kiandikwe jina lako tangu siku ya mauziano, hata kama msimamizi wa ujenzi ni kaka wa tumbo moja.

Kodi ya mirathi haipo hapa kwetu, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba serikali itachukua nusu.

Na msiba ukishatokea, mwendo ni huu: cheti cha kifo, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa na kumtaja msimamizi, kisha mahakamani. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuorodhesha mali na kurudisha hesabu mahakamani. Yeye si mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anamaliza. Akianza kuishi kwenye nyumba na kukusanya kodi za wapangaji kama zake, mrithi yeyote anaweza kurudi mahakamani akaomba atolewe.

14. Jumapili hii, bahasha moja ya kaki

Usisubiri mwaka mpya. Nunua bahasha kubwa ya kaki. Weka nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi, TIN. Karatasi yenye majina ya benki zote na namba za akaunti, bila namba za siri. Namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii na taarifa ya mwisho ya michango. Hati au mkataba wa kiwanja, na ukurasa mmoja unaoeleza mtu anafikaje pale: kituo gani cha basi, unapita wapi, jirani ni nani. Nakala ya bima. Orodha ya madeni, kwa majina kamili, na kwa kila jina andika "ananidai" au "namdai". Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wosia, au karatasi inayosema umehifadhiwa wapi.

Halafu kaa na mwenzi wako, au mtoto mkubwa, au dada unayemwamini. Mtolee karatasi moja moja. Mwonyeshe bahasha inakaa wapi. Itachukua nusu saa.

Mama mdogo alipata usimamizi wa mirathi baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Fedha za benki zilipatikana, mafao yalilipwa. Kiwanja cha kwenye ile stakabadhi hatujakipata mpaka leo.